Nilisaini Karatasi, Shemeji Yangu Akafukuzwa Kazi

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na minane, fundi seremala hapa Kawajense, Mpanda. Ninaishi peke yangu, na leo nataka mjue kwa nini.

Miaka ya tisini tulikuwa mafundi kumi na wawili tukijenga nyumba za watumishi wa serikali kule Misunkumilo. Mimi nilikuwa napaua. Shemeji yangu Method, kaka wa mke wangu Skola, alikuwa mwashi. Hata kazi hiyo ni yeye aliyenitafutia!

Siku moja tukagundua kwamba mafundi walioletwa kutoka mbali wanalipwa mara mbili yetu. Kazi ile ile, jua lile lile... Method akasema, "Nyie, kesho hakuna kushika kazi mpaka tulipwe sawa na wenzetu." Wote tukakubali. Mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote!

Jioni ile msimamizi akaniita stoo. Akaniambia kazi ya unyapara ni yangu, nikisaini tu kwamba mafundi tumeridhika na malipo na mchochezi ni Method peke yake. Skola alikuwa mjamzito, chumba tulichopanga kilikuwa kinavuja... Lakini nisijitetee. Nilisaini!

Asubuhi msimamizi akaisoma karatasi mbele ya wote, akamfukuza Method kazi papo hapo. Method akanigeukia.

"Shemeji, hiyo saini ni yako?"

Nikainamisha kichwa. Akaokota mwiko wake na pima maji, akaondoka. Wengine wakarudi kazini kwa malipo yale yale.

Baada ya hapo hakuna aliyempa Method kazi mjini. Mwezi wa pili tangu afukuzwe akanifuata saiti, amekonda, akaomba hata kubeba zege. Msimamizi alikuwa anatuangalia. Mnajua nilimjibu nini?

"Hapa hatuchukui wachochezi."

Nilimwambia hivyo kaka wa mke wangu!

Akaenda kuchimba dhahabu. Wiki ya tatu shimo likamfukia.

Nilitengeneza jeneza la mbao za mninga, nikalipeleka msibani kwao Mwamkulu kwa mkokoteni. Mama mkwe akanizuia mbele ya waombolezaji. "Lirudishe. Mwanangu tutamzika na mkeka." Nikamtazama Skola, nikitegemea atasema neno... Akanipa kisogo. Hakurudi kwangu tena. Mtoto wetu alizaliwa huko kwao, na jina lake nililisikia kwa watu.

Na ule unyapara? Nyumba ya mwisho ilipoezekwa tu, msimamizi akaniambia nisije kesho. Hata asante sikupata!

Nimekwenda kaburini kwa Method mara nyingi kumwomba msamaha. Nani wa kunijibu?

Mafundi mnaojenga nyumba za umma leo, nawasihi kwa machozi, daini haki yenu mkiwa pamoja. Mkubwa akikuita pembeni, nenda na wenzako. Na kama wenzako hawaruhusiwi kuingia, basi na wewe usiingie!