Sindano ya Lori la Nyongesa

Mimi zamani niliongea sana, hata mwenyewe najua, na Jumamosi ile ya mwaka wa 1988 nilikuwa naongea vizuri tu. Jua lilikuwa limewaka, mahindi yamekauka, na ndugu yangu mdogo, Nyongesa, amenunua lori. Kuukuu, rangi imebabuka, lakini lori. Alilileta nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kitale, libarikiwe.

Kwetu kitu kipya hubarikiwa kwa mkono wa mzee. Mkubwa kuliko wote hapo alikuwa Rispah, mjane asiye na mtoto, ambaye sote tulimwita kukhu, yaani nyanya. Akaweka kiganja juu ya boneti, akanong'ona maneno yake. Nilisogea karibu kabisa nisikie, si mnanijua. Sikupata hata neno moja.

Hilo liliniuma.

Jumatatu Nyongesa akapakia mahindi Endebess kupeleka Webuye. Hajafika mbali, sindano ya joto kwenye dashibodi ikapanda mpaka kwenye nyekundu. Akasimama, akangoja, ikashuka. Akaondoka, ikapanda tena. Fundi wa Kitale akafungua kichwa cha injini, akabadilisha gasketi, akabadilisha radieta ya kupozea maji. Wapi! Wiki sita. Wenye mahindi wakatafuta dereva mwingine, na Nyongesa akaanza kukonda.

"Dada," akaniambia, "hii gari iko na kitu."

"Si ni ule mkono wa Rispah?" nikasema. "Tangu aguse boneti, imepoa siku gani?"

Nilisema tu. Kisha nikamwambia jirani yangu aitwaye Wangu kwenye foleni ya kinu cha unga, na utamu uliponikolea nikaongeza ati kiganja cha Rispah kina moto, ati ukimsalimia unaungua. Kinu kilikuwa kinanguruma.

"Ati nini? Sema tena, mama, sijasikia!" Wangu akapiga kelele.

Nikasema tena. Kwa nguvu zaidi. Foleni nzima ikageuka.

Jumapili watu wa foleni ile walitoka ibadani wakaenda kwa Rispah moja kwa moja. Mchana kweupe. Bado wamevaa nguo za kanisa. Nami nilienda kuona. Wakatia kiberiti, na paa la nyasi likashika moto mara moja.

Rispah akatoka akikohoa. Akapita katikati ya watu, akaja mpaka mbele yangu, akaninyooshea kiganja.

"Umesema kina moto," akanong'ona. "Ungeshika kwanza."

Nikaficha mikono ndani ya leso niliyojifunga. Akanitazama. Akageuka. Akarudi ndani ya nyumba inayowaka, polepole, kama mtu aliyesahau blanketi.

Paa likaanguka. Hakulia hata kidogo.

Kesho yake Nyongesa aliwasha lori, nami kando yake, akiwa na uhakika kwamba yamekwisha. Hatujafika Kiminini, sindano iko kwenye nyekundu.

Tulilikokota hivyo hivyo mpaka Bungoma, kwa Jaswant, Kalasinga mzee mwenye gereji. Yeye hakufungua injini. Aliliacha lipoe hadi asubuhi, kisha akageuza ufunguo bila kuwasha. Sindano ikalala chini. Akachukua spana, akagonga kidude kidogo cha shaba kilichochomekwa kwenye injini. Ko!

Sindano ikaruka mpaka kwenye nyekundu. Injini baridi.

"Hii sensa," akasema. "Kazi yake kuambia sindano maji iko moto kiasi gani. Imekufa ndani. Barabara ikitikisa, inasema uongo. Ile siku mnasimama njiani, maji ilichemka? Mvuke ilitoka?"

"Hapana," Nyongesa akajibu.

"Na hakuna mtu alishika radieta kwa mkono?"

Akafunga sensa nyingine, akaniwekea ile ya zamani kiganjani. "Angalia, mama. Kitu ndogo namna hii imesumbua nyinyi wiki sita." Ilikuwa baridi.

Njiani kurudi, sindano ilitulia katikati kama mtoto aliyeshiba. Tulipofika kwenye majivu ya Rispah, Nyongesa alizima injini, akashuka, akaniacha humo. Sasa ni mwaka wa 1996, na hajala kwangu tena. Waliochoma wanakula kwake. Mimi ndiye niliyesema.

Sensa ile niliitia kwenye mkebe, juu ya kabati. Wiki moja baadaye, mwaka ule ule wa 1988, Wangu alikuja na umbea juu ya mke wa Kibiwott, jirani yetu mwingine. Nikafungua mdomo nimwongezee.

Juu ya kabati, ti. Ti. Ti. Kama chuma kinachopata moto.

Nikachungulia. Hakuna waya. Hakuna moto. Nikaishika. Ngozi ya vidole viwili ikabaki juu yake.

Tangu hapo naongea kidogo. Watu wanasema ni uzee.

Leo nimeamua kuandika, na ile sensa nimeiweka juu ya karatasi isipeperushwe na upepo. Nilipoandika habari za lori ilikuwa baridi. Nilipofika kwenye kinu ikaanza. Ti. Ti. Nilipoandika kuhusu kiganja, karatasi ikatoa moshi.

Nimeiondoa kwa koleo. Yenyewe ni ya duara, ndogo kama kizibo cha soda. Alama iliyoiacha kwenye karatasi si ya duara.

Ina vidole vitano. Sijaigusa.