Pipa Lililong'aa Nje

Mama Dirishani, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema pombe ya harusi iliharibika kwa sababu dada yangu aliosha pipa kwa maji aliyokwisha kuoshea vyombo. Anasema aliona kwa macho yake mawili. Ukimuuliza aliona vipi na dirisha lake linatazama barabarani, anasema basi alisikia harufu. Ukimuuliza harufu gani, anakuambia wewe mtoto una maneno mengi. Habari hiyo imeshazunguka mtaa mzima, ikafika sokoni, ikarudi imenenepa. Siku hizi hata panya yumo ndani yake.

Majirani zangu, na wote mtakaosoma, mimi nilikuwa naishi ndani ya nyumba ile. Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, lakini macho ninayo. Naomba mnisikilize na mimi.

Nyumba yetu ilikuwa na amani. Dada alinichukua mama yetu alipofariki, akanilea pamoja na mumewe. Shemeji ni fundi wa kuchomelea, na karakana yake iko mbele, inatazama barabara. Watu wanamwita Fundi Uzi, maana mshono wake kwenye chuma ni mwembamba na umenyooka kama uzi wa cherehani. Nyuma, kwenye jiko la uani, dada alikuwa akitengeneza pombe ya kimea. Jumamosi mchana wateja walikaa kwenye mabenchi, wengi wao watu wazima wenye heshima zao, wakanywa kidogo, wakacheka, wakaenda zao. Ulevi dada hakuutaka. Uchafu ndio kabisa. Ukiingia jikoni kwake hujanawa, alikuwa anakuzuia mlangoni na mwiko.

"Nawa kwanza, ndipo unisalimie."

"Hata mimi mumeo?"

"Wewe ndiye wa kunawa mara mbili. Mikono yako inalala na grisi."

Tulikuwa tunacheka. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Dada alikuwa anatumia pipa la plastiki, na plastiki hushika harufu. Akamwomba mumewe amtengenezee pipa la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kama yale anayowatengenezea watu wa hoteli. Shemeji akakubali kwa moyo mweupe, au sisi tulidhani ni mweupe.

Hapa lazima niwaeleze kazi yetu kidogo. Nasema yetu kwa sababu nilikuwa msaidizi wake wa kila siku. Stenlesi ni chuma chenye kiburi. Ukikichomelea upande wa nje huku ndani kuna hewa hii tunayoivuta, ndani kunaungua. Panatokea vidonda vyeusi vya kukwaruza, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Nje huoni kitu, panang'aa tu. Sasa fundi mwaminifu huziba matundu yote ya chombo kwa ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, anaingiza bomba la gesi chini, anaacha kitundu kimoja juu ili hewa itoke. Gesi ile haiwaki, wala haiachi kitu kiwake. Kazi yangu ilikuwa kushika kiberiti kilichowashwa pale kwenye kitundu. Moto ukizimika, gesi imejaa.

"Kimeshiba?" shemeji alikuwa anauliza akiwa ameshaishika tochi yake ya kuchomelea.

"Kimeshiba, shemeji!"

"Haya. Hapa hatuchomelei mwenye njaa."

Huo ndio ulikuwa msemo wa karakana yetu. Wateja waliujua, wengine walikuja kutazama kiberiti kikizimika kama wanatazama mazingaombwe.

Siku ya pipa la dada, shemeji alinituma nimpelekee mwenye hoteli koki zake. Niliporudi nilikuta pipa limeshaisha, limepigwa msasa, linameta. Nikasema, "Umelimaliza bila mimi?" Akasema, "Nilikuwa na hamu ya kumfurahisha dada yako." Nikaona ni mapenzi hayo. Dada naye alipolipokea alijitazama kwenye ubavu wake, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akasema, "Watu wana vioo, mimi nina pipa."

Pombe ya kwanza ilitoka nzuri. Ya pili ikawa na ukakasi. Ya tatu, mzee mmoja fundi cherehani alionja, akakunja uso, akasema, "Mama, leo umetupa siki. Lete na saladi basi tuchovyee." Watu wakacheka. Dada akacheka nao, lakini nilimwona akiingia jikoni akilinusa pipa kama mtu anayemnusa mtoto mwenye homa.

Akazidi kuosha. Alichemsha maji, akasugua kwa brashi ya mpini mrefu, akasuuza, akarudia. Mdomo wa lile pipa ulikuwa mwembamba, mkono wake hauingii kupita kiwiko, na mshono wa chini uko mbali. Aliosha asichokiona. Akabadilisha hamira. Akabadilisha kimea. Hakuwaza hata mara moja kulitilia shaka pipa, kwa sababu alijua mkono uliolitengeneza.

Kisha ikaja harusi ya binti wa jirani, na mama wa bibi harusi akamwomba dada ndiye atengeneze kinywaji. Dada aliogopa, akataka kukataa. Shemeji akasema, "Usikatae. Utakuwa umekubali wewe mwenyewe kwamba huwezi." Akatengeneza. Mliohudhuria mnajua. Mjomba wa bwana harusi alitema mbele ya wageni, na waliomeza walishinda kesho yake wakipishana mlango wa choo.

Wazee wa pande mbili walikuja nyumbani wakaketi sebuleni. Dada alisimama karibu na mlango, ameshika mikono yake. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kabisa, "Fundi, hicho chombo ni kizima?"

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama anafuta miwani.

"Chombo ni kizima," akasema. "Nimekichomelea mimi mwenyewe, na kazi yangu mnaijua. Labda mtazame mkono unaokiosha."

Ndugu zangu, kuna maneno yakitoka hayarudi tena mdomoni. Mama wa bibi harusi, aliyekuja nao, akaguna "mmh" moja ndefu. Nje ya dirisha nilisikia kandambili za Mama Dirishani zikiondoka mbio, maana habari kama hiyo haingoji. Maji machafu yalizaliwa hapo. Panya alifuata baadaye.

Wageni walipoondoka dada alimuuliza, "Mume wangu, kweli unaniona mchafu?"

Shemeji alikuwa anakula. Hakuinua kichwa.

"Ongeza bidii tu kwenye kuosha."

Akaongeza. Aliosha mpaka ngozi ya vidole ikabanduka. Wateja waliacha kuja, mabenchi yakaanikiwa nguo, naye bado anaosha pipa tupu. Asubuhi moja aliniambia, "Mdogo wangu, labda kweli nina mkono mbaya. Wapo watu wa hivyo." Mwanamke aliyekuwa anawazuia watu mlangoni kwa mwiko! Maneno hayo yaliniuma kuliko ya wazee wote.

Alipokwenda kupumzika, nilikwenda karakanani nikachukua kile kioo kidogo chenye mpini tunachokitumia kukagua mabomba. Nikalilaza pipa, nikaingiza kioo, nikawasha taa ya simu. Mshono wa chini ulikuwa umeungua duara zima. Vidonda vyeusi, vimevimba, vina mashimo, na kila shimo limeshika uchafu wa pombe zilizopita. Hakuna brashi duniani ingeutoa. Ungeosha mwaka mzima, kila pombe mpya ingekutana na ile iliyooza ikiwa imekaa inaisubiri.

Pipa la dada yangu lilichomelewa likiwa na njaa.

Nilimkuta shemeji karakanani peke yake.

"Shemeji, pipa la dada hukulijaza gesi."

Hakukana. Alitazama barabarani kwanza, kisha akasema taratibu, "Mtungi ulikuwa unakaribia kuisha, na tangi la hoteli lilikuwa linangoja. Wale wana mkaguzi, anachungulia kila pembe. La nyumbani, nani angelichungulia?"

"Na siku ile ya wazee?"

"Ningesemaje? Jina la karakana likifa, tumekufa wote, na wewe ukiwemo. La dada yako litapona, watu husahau." Akanisogelea. "Wewe ni binti yangu. Kaa kimya, mtungi mpya ukija nitalitengeneza, yeye hatajua."

Alikuwa hasemi kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anasema kama mtu anayepanga wapi pa kuweka kabati.

Nilirudi uani, dada alipoamka nikamwekea kioo mkononi, nikamshikia taa. Alichungulia kwa muda mrefu. Alikuwa mke wa fundi, hakuhitaji maelezo.

"Lete mkokoteni," akasema.

Tulilisukuma pipa mpaka mbele. Mwenye hoteli alikuwepo, na watu wengine wawili waliofuata kazi zao. Dada akaniambia, "Likate."

Shemeji akaja mbio. "Mke wangu, mbona tusiongee nyumbani?"

"Nyumbani tulishaongea. Uliniambia niongeze bidii."

Nikavaa miwani, nikawasha grenda ya kukatia chuma, nikalikata kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Likafunguka. Harufu iliyotoka iliwarudisha watu nyuma. Mama Dirishani alikuwa ameshafika, sijui nani alimwita, akapitisha kidole kwenye mshono, akakitazama kilivyotoka cheusi, akasema kwa sauti, "Mimi nilijua tangu mwanzo!" Hata dada alikaribia kucheka.

Hakumtukana mumewe. Alimuuliza jambo moja: "Na ya wengine yako hivi?"

Mwenye hoteli ndiye aliyeshtuka, akataka tukalichungulie tangi lake saa ile ile. Likachunguliwa, likawa safi kama kijiko. Siku zilizofuata watu walileta vyombo vyao vyote, wengine kwa baiskeli, wengine kichwani, na mimi ndiye niliyeshika kioo. Kila mshono ulikuwa mweupe ndani, uzi mtupu. Watu wakaondoka wameridhika. "Fundi wetu hana kasoro," wakasema, wakaendelea kumpa kazi. Katika vyombo vyote vilivyotoka kwenye ile karakana kibovu kilikuwa kimoja tu, cha mke wake.

Nilipomwambia dada hivyo, nilidhani nampa habari njema kwamba ukweli umejulikana. Alikaa chini pale pale sakafuni.

"Afadhali angekuwa fundi mbovu," akasema.

Wiki ile ile tulihama. Sasa tunaishi chumba na sebule karibu na njia ya soko, na mimi nachomelea mageti na madirisha kwa fundi mwingine. Dada hatengenezi pombe. Watu wengi wanajua ukweli, lakini wapo wanaopenda zaidi hadithi ya panya, na nani atamtoa panya kwenye hadithi tamu?

FUNZO

Mafunzo ninayoyaona hapa nayasema kwa lugha yangu.

Usimpe mgeni kilicho bora na wa nyumbani ukampa masalia kwa kuwa hatakukagua. Kutokukagua kwake ndiyo imani yenyewe. Mgeni anakukagua kwa sababu hakujui. Mkeo hakukukagua kwa sababu anakujua, au alidhani anakujua.

La pili ni zito zaidi. Kila fundi hukosea. Gesi huisha kwa kila mtu. Shemeji angesema siku ile mbele ya wazee, "Kosa ni langu," angepoteza pengine kazi moja au mbili, tungekula mlo mmoja kwa siku, na dada angekaa naye mpaka uzee. Kosa la pipa lingekatwa kwa grenda likaisha. Lakini alimwacha mtu wake aubebe uchafu usio wake, akamtazama akijisugua ngozi, akaendelea kula. Usiilinde heshima yako kwa kumvua mwenzio ya kwake.

Na sisi majirani, tukisikia kwamba fulani ni mchafu, tuulize kwanza kama kuna aliyechungulia ndani. Mimi simlaumu Mama Dirishani peke yake. Tuliokunywa habari yake ni wengi, tena bila kunawa.

Juzi shemeji alikuja hapa tunapoishi. Amekonda. Alileta pipa jipya, la stenlesi, mdomo wake mpana hata bega linapita, na kwenye kishikio chake amefunga kile kioo kidogo kwa kamba. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, akaniambia, "Nimelijaza gesi, kiberiti nimeshika mwenyewe. Mwambie dada yako sijamwomba anisamehe, wala arudi. Mwambie achungulie tu."

Nilikwenda uani nikamwambia, neno kwa neno, na shemeji akisikia kutoka pale aliposimama. Dada alikuwa anaanika nguo. Alikung'uta shuka, akalinyoosha kwenye kamba, akainama kuchukua kibanio kingine. Kuchungulia hakwenda.