Fundi Aliyechemsha Kompyuta Yangu

Ronnie alikuwa amepiga magoti sebuleni kwetu.

Tulieni! Hakuwa ananivisha pete. Pete nilikuwa nayo tayari.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta yangu, bisibisi mkononi, ulimi nje kama mbuzi anayelamba chumvi... akilegeza skrubu za feni ya prosesa!

Si kukaza, jamani. Kulegeza!

Mimi nilikuwa nimesimama kwa mlango wa jikoni na trei ya chai na mandazi. Chai yake. Mandazi yake. Hakuniona.

Akamaliza, akafunika kompyuta vizuri, akajipangusa suruali, akakaa kwa kochi kama askofu anayengoja kusalimiwa.

Nilirudi jikoni polepole. Nikakohoa. Ndio nikatoka.

"Babe, umefikia wapi?"

"Hii kitu ni ngumu," alisema, andazi likiwa mdomoni kabla sijaweka trei chini. "Lakini usijali. Si uko na mimi?"

Niko na yeye! Hebu niwaambie huyu "yeye" ni nani.

Mimi naitwa Kavetsa. Nachora nyumba. Mtu akiwa na ploti, mimi namchorea, halafu namtengenezea video anatembea ndani ya nyumba yake kutoka geti mpaka chumba cha kulala, kabla hata jiwe moja halijalazwa. Kazi hiyo inakamua kompyuta vibaya sana. Lakini yangu ni mashine ya maana. Ilikuwa haijawahi kunisumbua.

Mpaka nikampata Ronnie.

Tulikutana kanisani hapa mtaani Kapsoya. Spika zilikuwa zimekataa kulia. Ronnie akachomoa waya, akachomeka tena, zikalia. Basi! Kanisa zima likapiga makofi. Mama akanifinya kiwiko.

"Umeona kijana ana kipawa?"

Kipawa cha kuchomeka waya! Lakini alikuwa amevaa vizuri, na kadi yake iliandikwa "Eng. Ronnie". Engineer wa nini? Hakuna aliyeuliza. Hata mimi.

Akaanza kuja nyumbani. Na muda si muda, kompyuta yangu ikaanza vituko.

Niko katikati ya kutoa video, feni inaanza kunguruma kama lori likipanda mlima... halafu kioo giza. Imezima!

Nikiwasha, naangalia ile programu ya kupima joto. Prosesa inakimbilia digrii mia moja. Ikifika huko inajizima yenyewe ili isiungue.

Sikukaa tu nikilia. Nilipuliza vumbi yote. Nikaitoa karibu na ukuta ipate hewa. Nikafungua madirisha. Wapi! Joto lileile.

Na hii ni Eldoret, jamani! Huku Julai tunalala na soksi na sweta. Chai inapoa kabla sukari haijayeyuka. Kompyuta itachemka kwa nini?

Nikamuuliza engineer.

"Babe, shida ni altitude."

"Altitude?"

"Eeh. Hewa ya Eldoret ni nyembamba. Prosesa haipati oxygen."

"Kwani prosesa inapumua?"

Akanitazama kwa huruma, vile mwalimu anamtazama mtoto wa nasari.

"Kila kitu kinapumua, Kavetsa."

Mtu anakwambia prosesa ina mapafu, na wewe unamwongezea supu! Mapenzi ni ugonjwa, msinicheke.

Kila akija kuitengeneza, ananifukuza sebuleni. "Sipendi kuangaliwa nikifanya kazi." Naenda jikoni. Akiita nirudi, mashine imepoa, iko sawa kabisa! Mama anashukuru Mungu kwa sauti. Ronnie anapewa firigisi, ile ya baba mwenye nyumba.

Halafu anakuja kutusalimia tu siku nyingine... na kesho yake mashine inachemka tena.

Sasa mnaelewa vile nilisikia kumwona na ile bisibisi.

Siku hiyo nilimwongezea chai. Alipoondoka, nilifungua kompyuta mwenyewe. Kile chuma cha kupoza kinachokaa juu ya prosesa kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Nikakisafisha, nikapaka ile pesti ya kijivu inayovuta joto, nikakaza skrubu zote. Nikawasha.

Digrii arobaini na kidogo!

Kumbe oxygen ilikuwa kwa bisibisi.

Nilishika simu nimtukane mpaka lugha iishe. Kabla sijampigia, simu ikalia. Alikuwa Kigen.

Kigen ni mkimbiaji wa marathon, na alikuwa client mkubwa kuliko wote niliowahi kupata. Anajenga apartments. Alitaka video kabla hajasafiri kwenda mashindano, na mimi nilikuwa nimemchelewesha mara nyingi kwa sababu ya huu ujinga.

"Kavetsa, mimi ni mtu wa mbio. Kungoja sijui."

"Pole sana, Kigen. Mashine ilikuwa inazima, lakini..."

"Nilishachoka nikapeleka kazi kwa Jerop wa Elgon View. Unajua ameniambia nini?"

"Nini?"

"Na yake pia inazima! Kwani mmerogwa?"



"Kigen, nipe namba ya huyo Jerop."

Jerop alinipokea na uso wa mtu aliyeshika kitu cha utelezi. Nyumba kubwa, ofisi safi, meza ya kioo. Alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndio ulishindwa na kazi ya Kigen?"

"Ni mimi. Na wewe pia umeshindwa. Naomba tufungue kompyuta yako."

"Aah, wapi! Mashine yangu haiguswi na mtu. Niko na fundi wangu."

"Fundi gani?"

"Engineer Ronnie." Akainua mkono, akachezesha vidole. "Tena si fundi tu..."

Pete! Ileile yangu. Kijiwe cha bluu, kimekatwa kona zilezile.

Nikauliza.

"Na amekwambia shida ni nini?"

"Ni altitude. Hewa ya huku ni nyembamba, kwa hivyo prosesa..."

"...haipati oxygen," nikamalizia.



Nikaweka mkono wangu juu ya meza yake ya kioo, karibu na wake. Pete mbili zikatazamana.

Jerop hakulia. Alifungua droo, akatoa bisibisi.

"Fungua."

Kwake Ronnie alikuwa amejituma zaidi. Tulipoinua kile chuma cha kupoza, chini yake kulikuwa na kipande cha selotepu, kimebandikwa juu ya prosesa, kona zimekatwa vizuri kama kazi ya ushonaji. Joto litapita wapi hapo?

Tukaibandua, tukasafisha na spiriti, tukapaka pesti, tukafunga. Mashine ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Jerop alianza kucheka. Kicheko kibaya.

"Yaani nimekuwa nikimpikia mursik huyu mtu."

"Mursik ni maziwa ya kugandisha, Jerop. Haipikwi."

"Hasira, sister. Niache!"

Halafu akauliza, "Sasa tunamfanya nini?"

"Jumamosi analeta watu wake kwetu. Kujulishana rasmi."

"Kwenu? Mimi ameniambia Jumamosi ana kazi Kitale!"

"Kazi yenyewe ndio mimi."

Jerop akaichukua ile selotepu na koleo ndogo ya nyusi, akaiweka ndani ya bahasha.

"Mwambie Mama yako aongeze sahani moja."

Jumamosi ikafika. Hema kwa uwanja, viti vya plastiki, mbuzi ameshachinjwa. Ronnie alitokea na suti ya samawati na miwani ya jua. Jua lenyewe halikuwepo!

Alikuja na mashangazi na mjomba wake, Mzee Wepukhulu kutoka Kimilili. Huyu mzee ndiye alimlea Ronnie baada ya baba yake kufariki. Mtu mpole, mwalimu mstaafu, kofia mkononi. Nilimhurumia kabla hajakaa.

Alisimama kuongea kwa niaba yao.

"Tumeona ua kwa hii boma," alisema. "Na sisi tumeleta kijana mwenye kazi. Fundi. Hata mimi amenisaidia sana."

"Ameen!" Mama akaitikia.

Hapo Jerop akatokea jikoni na birika ya maji ya kunawa.

Aliwanawisha mashangazi, akamnawisha Mzee, akafika kwa Ronnie.

"Engineer. Kitale imehamia Kapsoya?"

Miwani ya Ronnie iliteleza mpaka kwa ncha ya pua. Maji yalimwagikia viatu na hakusongeza mguu.

"Huyu ni... ni client," akasema.

"Client amevaa pete yako," nikasema. "Na mimi pia. Mama, wazee, naomba mnisikize."

Nikawaeleza yote. Skrubu, magoti, altitude. Jerop akatoa ile selotepu akaionyesha, ikazungushwa kutoka kiti hadi kiti kama sadaka.

Mashangazi waliguna. Mama alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati kilikuwepo.

"Ni uongo!" Ronnie alipiga kelele. "Hawa wanawake wananionea wivu!"

Wivu wa nini, Ronnie? Wa bisibisi?

Lakini Mzee Wepukhulu hakuwa anamsikiliza. Selotepu ilikuwa imefika mikononi mwake. Aliigeuza. Akaileta karibu na macho. 

"Binti," aliniuliza polepole, "hii kitu inafanya mashine ifanye nini?"

"Ichemke, Mzee. Halafu izime."

"Izime yenyewe? Katikati ya kazi ya mtu?"

"Ndio, Mzee."

Akamgeukia Ronnie.

"Hii niliiona kwa cyber yangu. Siku moja ulisahau kipande kwa kaunta, kona zimekatwa hivihivi. Nilidhani ni takataka."

Jamani... hapo hata mimi sikujua!

Mzee alikuwa amefungua cyber Kimilili baada ya kustaafu, watu wanalipa kutumia kompyuta na intaneti. Kompyuta zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine, watoto wa shule wanapoteza kazi zao, wateja wanatukana. Ronnie anaenda kutengeneza, anakaa kwa mjomba wiki nzima akila na kusifiwa. Mwishowe wateja walikwisha. Mzee akafunga mlango.

"Nilifunga kwa sababu yako?"

Ronnie alikuwa anaangalia nyasi.

"Mjomba, nilikuwa nataka tu... mnihitaji."

"Sawa. Nijibu kitu kimoja. Ukiondoa zile ulizoharibu mwenyewe, umewahi kutengeneza nini?"

Tulingoja. Mashangazi walingoja. Hata mchomaji nyama aliacha kugeuza.

Engineer alivua miwani, akaanza kuipangusa.  Ugonjwa pekee aliojua kutibu ni ule aliouleta yeye.

Mzee Wepukhulu akavua kofia aliyokuwa ameivaa punde, akamwinamia Mama.

"Mama, tunaomba msamaha. Leo hatuna kijana wa kuleta hapa."

Wakatoka. Ronnie alijaribu kuingia kwa gari yao. Shangazi mmoja akavuta mlango.

"Wewe tembea. Hewa ni nyembamba, itakufaa."

Mbuzi tulimla sisi. Jerop alikula firigisi ya kuku, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kazi ya Kigen tulimaliza pamoja, mashine mbili zikisaidiana, na akaiona kabla ya kupanda ndege. Siku hizi tuna ofisi moja mjini, mimi na Jerop. Bado ananitazama kuanzia viatu, lakini tumezoeana.

Na tulienda Kimilili. Tulifungua kompyuta za Mzee moja moja. Kila moja ilikuwa na selotepu! Mzee alikaa kwa stuli akitazama. Tulipowasha zote zikatulia, alitoka nje akasimama na mgongo kwetu kwa muda mrefu. Halafu akarudi, akafuta vumbi kwa kibao cha "Tumefungua", akakitundika mlangoni.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa mkimtetea mtu wenu kwa roho yenu yote, chukueni hii.

Mtu akikuokoa mara moja, mshukuru.

Akikuokoa kila wiki, na shida ni ileile, na inaanza kila akishaondoka kwako... wacha kumpikia. Chunguza moto unawashwa na nani.