Filimbi Kichwani mwa Fundi Bodi

Jumapili moja asubuhi, fundi bodi wa magari aliamua kulifungua friji la nyumbani kwake. Alilisogeza kutoka ukutani, akachomoa waya, kisha akafungua skrubu nane za nyuma na kuzipanga kwenye kisahani.

"Baba watoto, friji limekukosea nini?" aliuliza mke wake. Alikuwa mshonaji, na sindano tatu zilikuwa zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake.

"Linalia. Wiki ya tatu sasa. Tiiii, kama filimbi. Ninyi hamsikii?"

"Lakini umeshachomoa umeme."

Fundi alitazama mkono wake. Kweli, waya alikuwa ameushika yeye mwenyewe. Na filimbi ilikuwa ikilia vilevile. Alitoka uani, ikamfuata. Aliingia bafuni akafunga mlango, ikawa kali zaidi. Alirudi jikoni.

"Mama watoto, iko ndani yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Naogopa. Nisije nikawa narukwa na akili."

Mke wake hakucheka. Kwa wiki tatu mumewe alikuwa amemgombeza bure, mara azime redio, mara asimamishe cherehani. Jioni mume huyo alikwenda kunywa bia nne au tano. Alisema zinamnyamazishia ile sauti. Alilala kama gogo, lakini alfajiri aliamka mapema, macho mekundu, na filimbi imepamba moto. Mke alivaa kandambili akaenda kumwita jirani yao, muuguzi wa kliniki ya masikio.

Muuguzi alifika, akaona skrubu kwenye kisahani.

"Shemeji, hili friji unalitengeneza au unalifanyia upasuaji?"

Fundi alijikuta anacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaeleza yote, hata bia za jioni.

"Huna wazimu," muuguzi alisema. "Huo unaitwa mlio wa masikio, na wanaoupata ni wengi. Umegonga mabati ya magari miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na masikio, ulikuwa ukiyaziba?"

"Kwa kitu gani?"

Muuguzi akatikisa kichwa. "Njoo kliniki kesho tukupime."

Kesho yake daktari alimchungulia masikio kwa taa ndogo. Hapakuwa na nta wala usaha. Alimuuliza kama mlio uko upande mmoja tu, kama unadunda pamoja na moyo, kama anapata kizunguzungu, au kama sikio limeziba ghafla. Kwa yote fundi alijibu hapana. "Ukiona lolote kati ya hayo, usingoje. Njoo mara moja," alisema. Kisha fundi aliingizwa katika chumba kidogo chenye kuta nene, akavishwa vipokea sauti, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Milio myembamba ilimpita bila kuisikia.

Alipotoka, muuguzi alimwonyesha sikio kubwa la plastiki, akalifungua katikati. Ndani kulikuwa na kitu kilichojisokota kama konokono.

"Cha kweli ni kidogo kama punje ya njegere," alisema. "Kimejaa maji. Ndani ya maji hayo kuna vinyweleo maelfu, vidogo mno, jicho halivioni. Mtu akisema neno, maji yanatikisika, vinyweleo vinacheza, na ubongo unapata habari."

Fundi aliinama karibu kabisa. Mikono yake mipana, yenye makovu ya mabati, ilitulia.

"Sauti ya mama yangu ilipitia humu?"

"Humo humo."

"Na mimi kwa miaka kumi na tisa nimepiga nyundo mlangoni pake!"

"Vinyweleo vikiumia haviponi. Ubongo ukikosa habari zake, unaweza kujitungia sauti. Ndiyo hiyo filimbi."

Fundi alikigusa kile kikonokono cha plastiki kwa kidole. "Na bia je? Mbona nikinywa, filimbi inapoa?"

"Inakupumbaza kidogo tu. Pombe hutanua mishipa ya damu, na damu ikipita kwa wingi karibu na sikio, wengine husikia mlio ukipanda. Huweza pia kuvuruga maji ya sikio. Tena hukukatia usingizi, na mtu aliyechoka husikia mlio mkali zaidi. Lakini sikudanganyi, shemeji. Watu hawafanani. Wengine bia haiwafanyi kitu. Jipime mwenyewe."

"Niache leo leo?"

"Kama mikono inatetemeka au unatoka jasho usipokunywa, usiache ghafla. Ni hatari. Mwone daktari kwanza."

Mikono yake haikutetemeka. Daktari alikubali aache kwa mwezi mmoja. Fundi alinunua viziba masikio vya kazini. Kila asubuhi binti yake mkubwa alimuuliza na kuandika kwenye daftari: amekunywa au hajanywa, amelalaje, mlio ni wa ngapi kati ya kumi.

Wiki ya kwanza ilikuwa nane, nane, saba. Fundi akanung'unika kwamba amedanganywa. Wiki ya pili akalala hadi kunakucha, mlio ukawa tano. Siku ya harusi ya mpwa wake alikunywa bia tatu. Asubuhi binti aliandika nane. Wote wawili walilitazama daftari kama watu walioona jua likichomoza mara mbili.

Rafiki yake, mpaka rangi wa magari mwenye mlio kama wake, naye akaacha pombe. Haikumbadilishia kitu. Alipokwenda kliniki alikutwa na nta iliyoganda. Ilipotolewa, akapona.

Mlio wa fundi haukuisha. Mwisho wa mwezi ulikuwa tatu, siku nyingine mbili. Bia hakuitamani tena, na mkewe alishona huku redio inaimba.

Alasiri moja binti yake mdogo alipanda mapajani mwake, akabandika sikio lake kwenye sikio la baba.

"Nataka kuisikia filimbi."

Alikaza macho, akazuia pumzi. Fundi naye akazuia yake. Aliwaza zile punje mbili za njegere, moja changa, moja iliyochoka, zikisikilizana.

"Baba, mbona sisikii kitu?"

"Subiri, mwanangu," alisema fundi kwa mshangao. "Hata mimi bado naitafuta."