Magurudumu ya Mjane

Asubuhi ya kwanza, nati zilikuwa zimelegea. Mwalimu mstaafu alichutama kando ya trela akazigusa. Zote kumi, alizozikaza jana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, zilizunguka kama vifuniko vya chupa.

Alizikaza tena, akajisemea labda uzee unaanza kumpunguza nguvu.

Lilikuwa trela kuukuu la safari, kijumba cha bati chenye vitanda viwili na jiko dogo. Yeye na mkewe, Mama Pacha, walikusudia kulikokota kwa gari lao hadi walikohamia pacha wao, wakawaone wajukuu wasiowajua bado. Kasoro ilikuwa magurudumu: ya zamani yalikuwa yameoza. Wiki tatu alizunguka madukani. Ringi za siku hizi zilikuwa na matundu manne, ekseli yake ilitaka matano. Alipopata ya matano, ilikuwa pana, ikisugua bodi. Iliyoingia vizuri, tairi lake lilikuwa la gari dogo, lisingebeba nyumba.

"Mwalimu, hili la kwako la enzi za mababu," muuza tairi alimwambia. "Agiza, usubiri miezi miwili."

Angesubiri vipi, na mtaa mzima ameshautangazia kwamba Jumamosi wanaondoka?

Ng'ambo ya barabara, kwa mjane wa dereva, kulikuwa na trela kama lake, limefunikwa turubai tangu mumewe alipofia humo ndani. Siku mjane aliyoaga kwamba anakwenda kliniki, Mwalimu aliingia uani na jeki na spana. Miaka thelathini alikuwa amefundisha watoto wa mtaa ule kwamba cha mtu hakiguswi. Mkewe alipouliza, alijibu bila kupepesa macho, "Kuna rafiki kanipa."

Siku ya pili ikaja harufu: kafuri na udongo mbichi, saa sita mchana, jua la utosi. Siku ya tatu Mama Pacha aliingia kutandika shuka, na Mwalimu, aliyekuwa nje akifuta vioo, akasikia chini ya sakafu spana ikifungua nati moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, taratibu, kwa mkono usio na haraka, na kabla hajainama kutazama, trela likaanza kusogea lenyewe kuelekea barabarani, likayapanda mawe aliyoyazuilia magurudumu kana kwamba ni maandazi, huku mkewe akigonga mlango kwa ndani, na sauti nyingine, nzito, ikikohoa pamoja naye.

Likasimama getini. Mama Pacha alitoka, shuka bado mkononi.

"Mume wangu," alinong'ona, "kuna mtu kitandani."

Mtabibu wa kienyeji aliyeitwa alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakukubali kuingia. Aliligusa tairi, akautoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Haya magurudumu ya nani?"

"Ya rafiki."

"Baba, siulizi kwa ajili yangu. Anayeuliza amesimama nyuma yako."

Mwalimu hakuthubutu kugeuka. Shingoni alihisi pumzi yenye kafuri. Akasema yote, macho ardhini, na kila neno lilimtoka kama jino. Mama Pacha alikunja shuka, akaikunja tena, mpaka ikawa kifurushi.

"Yamechukuliwa kwa mkono," mtabibu alisema. "Yatarudi kwa mkono, na mwenye mali alipokee. Vinginevyo mimi jambo hili siliwezi."

Basi Mwalimu aliyang'oa magurudumu akayavusha barabara mchana kweupe, moja mkono huu, jingine mkono ule. Mkewe alimfuata nyuma. "Shikamoo, Mwalimu!" walimsalimu waliokuwa wanafunzi wake. Alishindwa kuitikia.

Mjane hakufungua geti. Alizungumza kupitia upenyo wa geti.

"Shemeji, rudi nayo."

"Nimekuja kukuomba radhi. Niliyaiba."

"Najua. Sikuenda kliniki siku ile. Nilikuwa dirishani." Alisogea karibu na upenyo. "Miaka miwili tangu tumzike, huyo mtu alikohoa uani kwangu. Ulipoondoka nayo, nikalala. Nilinyamaza makusudi, shemeji. Unisamehe, lakini sipokei."

Mwalimu alishika geti. Angeweza kuyatupa juu ya ukuta. Maneno ya kumlazimisha yalikuwa mdomoni. Ila alimwona kupitia upenyo, mwanamke mzima amejikunyata kama mtoto aliyekosea, akajiona mwenyewe. Akayageuza magurudumu akarudi nayo.

Jioni walikaa kibarazani, yeye na mkewe, chai ikipoa. Magurudumu yalilala uani.

"Mwizi!" sauti ya Mama Pacha iliita kutoka kwenye trela.

"Naam," Mwalimu aliitika, kabla hajakumbuka kwamba mkewe ameketi pembeni yake.

Midomo ya Mama Pacha ilikuwa imefumbwa. Alimtazama mumewe, kisha akaugeuzia uso wake ukutani.