Mwari Kaonekana Marikiti

"Nipe Nasiha, Jannat. Neno moja tu."

"Shemeji, mwari hapewi simu. Ada waijua."

"Mpelekee basi, nisikie sauti yake."

"Yuwalala. Kapakwa singo mwili mzima."

Fahmi akakata simu. Jannat, mdogo wake Nasiha, hajui kudanganya, na sauti ilikuwa ikimtetemeka. Leo Jumatatu, nikaha Ijumaa, na kwa ada ya kwao Kibokoni bibi harusi hukaa ndani wiki nzima akisingwa kwa manjano na manukato, hata jua lisimwone. Ujumbe wa Jamaldin, rafiki yake muuza vitunguu, ulikuwa bado wazi kwenye simu:

"Ndugu yangu, bibi harusi wako kapita hapa Marikiti sasa hivi. Kavaa ninja, macho tu nje, lakini singo yanukia hadi kwenye magunia yangu. Na mwari mwengine wiki hii mtaani hakuna."

Fahmi aliacha makaratasi ya ghala mezani, huko Shimanzi, akaondoka bila kuaga. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Njia nzima alikuwa akimtukana Nasiha moyoni: mwongo, msiri, mnafiki.

"Ngazi ile," Jamaldin akamwonyesha alipofika Marikiti. "Na jana vilevile, saa hii hii."

"Kwa nani?"

"Mimi nauza vitunguu. Ya ghorofani siyajui."

Harufu ya singo ilijaa ngazini. Fahmi akafika kwenye mlango, akasikia sauti ya mwanamume.

"Legeza mkono, Nasiha. Usiukabe."

"Natetemeka, mwalimu."

"Pumua. Mara moja tena, kisha nikuache wende."

Fahmi akausukuma mlango kwa bega.

Nasiha alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, uso wa manjano kwa singo, mkononi kashika mpini wa kuongozea ndege ya kwenye kioo cha kompyuta. Kando yake mzee mwenye mvi alishika saa ya kupimia muda. Dirishani mama mmoja alikuwa akichambua mchicha.

"Huyu ni nani?" Fahmi akafoka.

"Mzee Kiti, rubani mstaafu. Na huyu mkewe, Mama Mejumaa. Amkia wakubwa kwanza, ndipo uzushe ugomvi," Nasiha akajibu.

Fahmi akaamkia. Meza nzima ilijaa picha za mitambo ya ndani ya ndege na makaratasi ya hesabu.

"Alhamisi nina mtihani," Nasiha akasema. "Jeshi lataka kujua kama mimi, fundi wao wa ndege, nafaa kufunzwa urubani. Likizo hii ya harusi ndiyo nafasi yangu ya kujizoeza."

"Siku moja kabla ya nikaha! Na hukunambia?"

"Sikukwambia."

"Mimi mumeo mtarajiwa?"

"Wewe hasa."

Akauweka mpini mezani polepole.

"Mwaka jana simu yangu ilivunjika, nikaandikisha nambari yako kwenye maombi ya mtihani huu huu. Wenzangu waliitwa kwa ujumbe. Nilikuuliza mara tatu, ukasema hakuna kitu. Wiki iliyopita, kabla ya kuwekwa ndani, niliuliza ofisini. Wakanambia niliitwa, na nambari yako ikajibu, 'Hatakuja.' Kweli au si kweli?"

Fahmi alitamani zile ngazi zimmeze.

"Kweli."

"Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu," Mama Mejumaa akasema, macho kwenye mchicha wake.

"Niliogopa, Nasiha. Ukisharuka huko juu, ungenionaje mimi karani wa Shimanzi?"

"Ningekuona mume. Sasa nenda. Nimebakiwa na nusu saa kabla Mama hajarudi kunisinga."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nitaulizwa, nami nitajibu."

Usiku huo Fahmi hakulala. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Alhamisi Nasiha angelazimika kutoroka tena, na akikamatwa mlangoni, mtihani ungempita mara ya pili, na chanzo ni yeye Fahmi. Asubuhi akampigia mamake Nasiha, Bi Mwanakuu.

"Mama, shikamoo. Nakuomba Alhamisi umruhusu Nasiha atoke, akafanye mtihani wake wa jeshi."

"Mwari atolewe ndani kwa ombi la bwana harusi? Hayo sijapata kuyasikia!"

"Mwaka jana mimi ndiye niliyemkosesha, Mama. Nilimficha ujumbe wake."

Bi Mwanakuu akasonya.

"Una bahati unanambia kwa simu," akasema, kisha akakata.

Ijumaa, msikiti ulijaa. Babake Nasiha alikwenda nyumbani kumuuliza bintiye kama aridhia, akakawia. Watu wakaanza kutazamana. Fahmi, kanzu imemganda mgongoni, alikuwa na hakika amekataliwa.

Babake Nasiha akarudi.

"Ameridhia," akamwambia shekhe. "Lakini ana sharti, na ataka lisemwe hadharani. Mume asimjibie mkewe ujumbe wake, maisha."

Msikiti ukaguna, Jamaldin akacheka waziwazi. Shekhe akamgeukia Fahmi.

"Wakubali?"

Babake Fahmi alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Fahmi akainua chake.

"Nimekubali kumuoa Nasiha kwa mahari tuliyoafikiana, na kwa sharti hilo."

Baada ya nikaha, alipoingia chumbani kumpa bibi harusi mkono wa ndoa, Nasiha alikuwa amefunikwa mtandio. Fahmi akaketi mbali kidogo.

"Nusura nife kwa aibu, Nasiha."

"Kufa kidogo kulikufaa."

"Na mtihani?"

"Nimefaulu. Mama aliniacha nende, na majibu walinipa jana alasiri."

"Jana! Mbona hukunitumia salamu na Jannat?"

Nasiha akaufunua mtandio, akamtazama sawasawa.

"Nilitaka nijue utamjibu nini shekhe ukiwa hujui."