Kifua Kikavu

Kombora la kwanza lilianguka mbele ya gari la wagonjwa, likaifukua barabara na kuirusha hewani vipande vipande. La pili lilianguka nyuma. Muuguzi hakuhitaji la tatu ili aelewe.

"Shukeni upande wa matete," alisema. "Msikimbilie barabarani."

Mkono wake mmoja ulikuwa umekwisha kumshika kiunoni yule mama kijana, ambaye mtoto wake alifungwa kwa shuka kifuani, ngozi kwa ngozi. Dereva alikuwa wa mwisho kushuka. Kila mtu alimwita Breki kwa kuwa hakupenda kuzikanyaga. Walikuwa wamelala kifudifudi ndani ya matete kombora la tatu lilipolipata gari lenyewe. Mtungi wa oksijeni ulilipuka kwa mlio uliowaziba masikio, kisha milango ikaruka kama makaratasi.

"Walijua," alisema muuguzi.

Asubuhi ile alikuwa amepiga simu yeye mwenyewe, kwa wakubwa wa upande huu na wakubwa wa upande ule. Aliwatajia kwa heshima zote rangi ya gari, njia litakayopita na saa litakayopita, kama utaratibu ulivyotaka. Wote walimshukuru. Mmoja wao alimtakia safari njema.

Mtoto alizaliwa wa miezi saba. Katika kituo cha afya walikotoka, mashine ya kuwatia watoto joto ilikuwa imezimika tangu wenye bunduki walipokuja kuchukua dizeli ya jenereta kwa ajili ya magari yao. Watoto njiti walikuwa watatu na mtungi ulikuwa mmoja, kwa hiyo muuguzi alimtanguliza aliye dhaifu kuliko wenzake. Akina mama wa wale wengine wawili aliwaacha wamewabeba watoto vifuani, akawaahidi kwamba angerudi siku ileile.

Huyu wa kwanza alikuwa na tatizo moja lililowashinda wengi wa umri wake: alisahau kupumua. Hakulia wala hakutapatapa. Alinyamaza tu, midomo ikageuka rangi ya majivu, mpaka mtu amkune unyayo au amsugue mgongo, ndipo akumbuke na kuvuta hewa. Aliyembeba hakuruhusiwa kuwaza jambo jingine.

"Anapumua?"

"Anapumua, sista," alijibu mama kijana, kidole kikiwa mgongoni mwa mwanawe.

Breki alikuwa ameketi kwenye tope, ameshika paja. Damu ilipita katikati ya vidole vyake. Muuguzi alimvua mshipi wa suruali, akauzungusha juu ya jeraha na kuukaza kwa goti.

"Wamechagua mguu wa kukanyagia mafuta," Breki alisema huku meno yakigongana. "Wangenipiga ule mwingine, nisingelalamika. Siutumii."

"Unaweza kutembea?"

"Nikikataa, utanibeba?"

"Sitakubeba."

"Basi naweza. Tufuate barabara. Si mbali, tutafika hospitali kabla ya mchana."

"Barabara wanaijua. Niliwapa mimi."

"Na kinamasini hakuna njia, sista."

"Ndiyo sababu tunapita huko."

Waliingia. Matete yalikuwa marefu kuliko watu na makali kama nyembe, na kila hatua ilibidi ing'olewe kutoka kwenye tope kama jino. Ruba waliwaganda miguuni. Muuguzi alitangulia, akiyalaza matete kwa mkoba wa dawa. Mama alifuata, na Breki nyuma kabisa, akilaani kila kitu kilichokuwa na rangi ya kijani. Chupa ya maji ilikuwa moja. Muuguzi alimpa mama.

"Kunywa yote."

"Na ninyi?"

"Sisi hatunyonyeshi."

Alitembea na hasira yake kama mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto, akiogopa kuiinamisha. Alipokuwa chuoni aliamini kwamba duniani kuna mambo ambayo hata wauaji huyaheshimu, na kwamba mtoto mchanga ndiye wa kwanza kati ya mambo hayo. Sasa alihesabu moyoni waliohitajika ili makombora yale yafyatuliwe: aliyepokea simu, aliyepima umbali, aliyebeba, aliyepakia, aliyevuta. Watu wazima, wenye akili timamu, wamekunywa chai yao asubuhi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kukumbushwa kupumua.

Walifika kwenye mkondo. Maji yalikuwa meusi na yalitembea kwa kasi, na upande wa pili ardhi ilipanda. Breki alipima kina kwa mti, akatikisa kichwa.

"Yatakufika kifuani, sista. Dada huyu yatamfika kidevuni."

Muuguzi alitoa mkobani mfuko wa nailoni, akamtia mtoto ndani mpaka shingoni na kumvutia kofia ya sufu masikioni. Akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, kidole gumba kikimsugua mgongo juu ya nailoni. Mama alimshika Breki bega. Wakaingia majini.

Katikati ya mkondo, jiwe liliteleza chini ya mguu wa muuguzi. Alizama mzima. Maji yalimjaa puani na masikioni, na kilichobaki juu kilikuwa mikono yake miwili na mtoto. Alisikia, kama kutoka chumba cha jirani, sauti ya mama ikiita. Kisha mkono wa Breki ulimshika ukosi, ukamvuta kwa nguvu za mtu ambaye hakubakiwa na nguvu. Alipotoa kichwa nje, kidole gumba chake kilikuwa bado kinasugua.

Mtoto alikuwa mkavu. Wao watatu walikuwa wamelowa chapa, na mvua ilianza kunyesha wakati huohuo, nzito na baridi, ikiletwa na upepo.

Mama alifungua blauzi ili amrudishe mwanawe kifuani. Muuguzi alimgusa, akaondoa mkono upesi. Ngozi ya mama ilikuwa baridi kama sakafu ya saruji. Akajigusa mwenyewe: vilevile. Breki, aliyepoteza damu, alikuwa baridi kuliko wote. Nailoni ilizuia maji, lakini haikuwa na joto lake yenyewe, na mtoto wa uzito ule hana akiba. Nyayo zake zilikuwa zimeanza kupoa. Alisahau kupumua, akakumbushwa. Hawakupiga hatua nyingi, akasahau tena.

"Sista, hataki," mama alisema, midomo ikitetemeka.

"Anataka. Tembea."

Harufu ya moshi ndiyo iliyowaongoza. Chini ya turubai lililofungwa kwenye miti miwili aliketi mwanamume mwenye bunduki, amevaa koti la mvua, anaota moto. Alipowaona aliruka.

"Simameni hapo. Mikono juu."

"Mikono yangu ina kazi," alisema muuguzi, mtoto akiwa mikononi mwake, akaendelea mpaka chini ya turubai.

"Kwenye mfuko kuna nini?"

"Mtu."

Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwenye paja la Breki. "Ninyi ndio wa gari la wagonjwa? Tuliambiwa litapita barabarani."

"Mliambiwa na nani?"

"Wakubwa. Walisema mlipiga simu wenyewe." Alishusha bunduki kidogo. "Mimi si wa mizinga, mama. Wa mizinga wako kilimani. Walisema huenda mmebeba silaha."

"Tumebeba. Ndiyo hii, ikague." Muuguzi alimgeuza mtoto amwelekee.

Uso ulikuwa mdogo kuliko ngumi ya mlinzi, na midomo ilikuwa rangi ya majivu. Muuguzi alikuna unyayo juu ya nailoni. Kimya. Akakuna tena kwa ukucha, akasugua mgongo. Kifua kile chembamba kiliruka, hewa ikaingia. Mlinzi, ambaye hakujua kwamba naye alikuwa ameacha kupumua, alishusha pumzi.

"Vua shati," muuguzi alimwambia.

"Nini?"

"Vua koti, vua mkanda wa risasi, vua shati. Hapa mkavu ni wewe peke yako."

"Si mkae motoni tu?"

"Moshi utammaliza mapafu. Anahitaji mashine, na huyu mwenye mguu anahitaji damu. Hospitali ni hapo mbele. Utambeba wewe."

"Nikiacha kituo nitapigwa risasi."

"Mimi nimepigwa makombora asubuhi hii na bado natembea. Vua."

Alivua. Muuguzi alimtoa mtoto kwenye nailoni, akamlaza juu ya kifua kile kipana chenye joto, akamfunga kwa shati kavu na kulirudisha koti juu yao wote wawili. Alikishika kidole cha mlinzi, akakiweka mahali pake.

"Hapa mgongoni. Ukihisi ametulia, mkune unyayo. Usiwaze kingine."

"Nikikosea?"

"Utakuwa umemaliza kazi waliyoianza wenzako."

Mlinzi alitoa risasi zote kwenye bunduki na kuzitupa matopeni. Breki aliomba bunduki tupu, akaigeuza mtutu chini na kuiegemea kama mkongojo.

"Tangu itengenezwe," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza inamsaidia mtu."

Walipanda mteremko kwenye mvua. Kilichosikika kilikuwa sauti ya mlinzi, ndogo na yenye woga: "Amesahau." Kimya kifupi. "Amekumbuka." Alitembea amejikunja juu ya mtoto kama mtu anayelinda mshumaa. Muuguzi aliutazama mkono ule jinsi ulivyokuwa mwepesi na makini, na badala ya kumtuliza, jambo hilo lilimwongezea hasira. Kumbe mikono hii iliweza kazi hii tangu zamani.

Hospitali ilikuwa na vioo vilivyobandikwa utepe wa gundi na vitanda mpaka kwenye korido. Daktari wa watoto alimpokea mgonjwa wake kutoka kwenye koti la mlinzi, akampima joto, akatazama kipimo mara mbili.

"Yuko chini, lakini si vibaya," alisema, naye tayari anakimbia kuelekea kwenye mashine.

Breki alipelekwa kushonwa. Sauti yake ilisikika ikibishana na daktari wa upasuaji. Mama, akiwa ndani ya blanketi, aliomba kikombe akaanza kukamua maziwa bila kuambiwa na mtu.

"Ataishi?" mlinzi aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye korido kifua wazi, shati mkononi.

"Amefika. Sijui zaidi ya hapo."

Mratibu wa hospitali alikuja na simu. "Pole sana, sista. Wale wawili tutawafuata kesho. Ngoja niwapigie pande zote mbili niwape njia na—"

Muuguzi aliichukua simu mkononi mwake, akaizima.

"Huwezi kwenda bila kutoa taarifa," mratibu alisema. "Huo ndio utaratibu."

"Huo ndio uliotupiga."

Alivaa sare kavu aliyopewa wodini, akaviringa mifuko miwili ya nailoni na kuitia mfukoni. Kisha alimgeukia mlinzi. Hakuwa amemsamehe wala hakukusudia kumsamehe.

"Wa mizinga wako kilimani. Kuna upande wasiouona?"

"Nyuma ya machimbo," alisema mlinzi. "Naijua njia. Lakini wakinikamata, mama..."

"Najua."

"Waliobaki ni wangapi?"

"Wawili. Wewe utambeba mmoja."

Mlinzi aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ameuazima.

"Vaa shati," muuguzi alisema. "Na ujitahidi usilowe."